Twende Idjwi na baiskeli, lakini si ndani ya kila mtumbwi



Tangu Pasaka, kila jioni nyuma ya darasa la tano, watu wanaongea jambo moja tu: safari ya baiskeli ya vakansi kubwa. Kuzunguka Idjwi siku 4, kufuata ziwa, kupanda vilima, kulala katika vyumba vya masomo ya kanisa. Sisi tunaoandika hapa tumekwisha kutia majina yetu, kwa hiyo mutu asiseme kwamba tunaipinga. Lakini kuna neno moja halisemwi, na leo tunalisema.

Kwanza kisiwa chenyewe. Idjwi iko na urefu wa kama kilomita 40, na barabara zake ni za udongo. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari, na vilele vya Idjwi vinapita mita 2000. Wale banasema «kilomita 40 ni kitu gani, tutamaliza siku moja» wanahesabu sawa watu wa tambarare. Njia inashuka mpaka majini, inavuka kijito, inapanda tena kati ya migomba, kahawa na mananasi, na kilima kikikataa utasukuma baiskeli kwa mikono. Hakuna haya. Kushuka ndiko kubaya zaidi: baiskeli isiyokuwa na breki mbili ibaki nyumbani, hata kama ni ya rafiki yetu. (Tunajua ni ya nani. Yeye pia anajua.)

Sasa neno lenyewe. Mbele ya kufika kwenye vilima, tutavuka maji. Wenzetu wamepata mtumbwi wa motere wa bei rahisi, utakaoondoka usiku na kubeba baiskeli zote bila kuuliza. Wanaona ni bahati. Sisi tunaona ni kaburi.

Tuhesabu pamoja. Baiskeli ya chuma inafika kilo 18. Tuko 12: hiyo ni kilo 216, sawa na wanafunzi 4 wa ziada walioingia bila majina yao kuandikwa. Ongeza mizigo yetu, ongeza magunia ya mwenye mtumbwi, maana hatatupeleka sisi peke yetu kwa bei ile. Tena chuma kinateleza mawimbi yakikuja, na vyote vinalala upande mmoja.

Tumekwisha kusahau? Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Goma, watu waliokuja kuwapokea ndugu zao wakiangalia toka ukingoni. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Watu wengi walikufa, na ilikuwa mchana. Sisi watoto wa Kivu tunajidanganya kwa sababu ziwa letu halina mamba, lakini kuna fasi kina chake kinapita mita 400, na wengi kati yetu tunajua kuogelea mpaka kwenye magoti tu.

Kwa hiyo tunaomba hivi: tuchukue bato kubwa la asubuhi, baiskeli zifungwe kamba, na kila mutu awe na jile ya kuokoa mwilini, si chini ya kiti. Banasema pesa haitatosha. Kweli. Basi safari iwe siku 3 badala ya 4, na tule mihogo na sambaza, tuache mikebe ya nyama waliyoandika kwenye orodha. Kutoka Monvu mpaka Bugarula tutaona ziwa vya kutosha, na usiku tutasikia wavuvi wakiimba na taa zao huko katikati. Hiyo hailipwi.

Jambo lingine, fupi. Vita ilifika Bukavu mwezi wa 2 mwaka 2025, na wazazi hawajasahau. Juma moja mbele ya kuondoka tuulize wenyeji wa Idjwi habari ya njia. Wakisema tungoje, tutangoja.

Dada wawili wamejiandikisha na kuna waliocheka. Mmoja wao ndiye wa kwanza aliyeuliza habari ya jile.

Jumamosi saa 9, chini ya mwembe, tutaleta bei ya bato. Kila mmoja aje na baiskeli yake, tuone breki.