Mshauri wa Ndoa Hatafutwi Siku ya Talaka

Mama mmoja wa Temeke, mfanyakazi wa kiwandani, ameiandikia safu hii barua ya kurasa nne. Kurasa tatu na nusu ni habari za ndoa yake ya miaka kumi na miwili: mume arudiye usiku akiwa amenuna, fedha za chakula ambazo kila asubuhi huwa ni ugomvi, na watoto watatu ambao sasa hunyamaza mara wasikiapo mlango ukifunguliwa. Nusu ya ukurasa wa mwisho ndiyo yenye swali. Amekwenda kwa shangazi wa mume, akaambiwa avumilie. Amekwenda kwa mama yake mzazi, naye akamwambia arudi nyumbani kwake. Jirani akamwelekeza kwa mganga, naye hana fedha za mganga wala hamwamini. Je, yuko mtu mwingine?

Yuko, na si mmoja. Lakini kabla ya kumtaja yatupasa tuseme kwa nini watu wengi wa mijini hawamfikii, au humfikia wakati mambo yamekwisha kuharibika.

Wazee wetu hawakuiacha ndoa ijiendee yenyewe. Mshenga aliyepeleka posa hakumaliza kazi yake siku ya harusi. Alibaki shahidi wa pande mbili, na nyumba ilipowaka moto yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Pwani, bibi arusi alikuwa na somo au kungwi wake, mtu wa kumwendea kwa mambo yasiyosemeka mbele ya baba. Utaratibu huo ulikuwa na nguvu kwa sababu wahusika wote waliishi karibu. Leo mume ni mtu wa Songea, mke ni mtu wa Tanga, wamepanga vyumba viwili Mbagala, na mshenga yuko umbali wa safari ya basi ya siku nzima. Huletewa habari kwa simu, tena na upande mmoja. Wala tusiyapambe mno ya zamani: mafundisho mengi ya unyago yalimlenga mwanamke peke yake, na mzigo wa kuvumilia ukawekwa juu ya kichwa chake. Mwanamume alifunzwa mengi, lakini kukaa chini na kusema, “Mke wangu, jambo hili linaniumiza,” hakufunzwa.

Pengo hilo wananchi wengi hudhani limezibwa na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Ni vema tueleze Baraza hili ni nini. Liliwekwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotaka liwepo katika kila kata. Tena jumuiya za dini zinaweza kuruhusiwa kuwa na mabaraza yao. Lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Huwaita mume na mke, humsikiliza kila mmoja, na laweza kuwasikiliza watu wengine na kuahirisha shauri ili kutoa nafasi ya kupatana. Wakili haruhusiwi kusimama humo kumsemea mtu. Likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na kwa kawaida bila hati hiyo Mahakama haipokei maombi ya talaka. Yapo mambo machache yaliyosamehewa sharti hilo, mathalani mke aliyetelekezwa na mume asiyejulikana aliko, au mume aliyeitwa barazani akakataa kwa makusudi kuja.

Sasa tazama linalotokea. Kwa kuwa hati ndiyo ufunguo wa mahakama, wengi hufika barazani wakiwa wamekwisha kata shauri. Wanachotaka ni karatasi. Wajumbe nao, ambao ni raia wenye kazi zao, wana shauri hili na mengine, na hawana nafasi ya kukaa na watu wawili juma baada ya juma kutafuta kiini cha ugomvi. Kulilaumu Baraza kwa hilo ni kuonea. Baraza ni la usuluhishi, nalo lina kazi yake kubwa. Kazi ya ushauri nasaha ni nyingine, na mahali pake ni kabla, wakati watu wangali wanalala nyumba moja na angalau mmoja wao angali akitaka ndoa ipone.

Neno hilo, ushauri nasaha, wengi wetu tulilizoea wakati wa janga la UKIMWI, ambalo wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata watu walianza kuona kwamba kumpa mtu majibu ya damu bila kukaa naye ni ukatili, na wauguzi wakafundishwa kusikiliza. Yumkini ndiyo sababu wengine hudhani huduma hii ni ya wagonjwa tu, na wengine huiogopa wakidhani ni ya wenye kichaa. Sivyo hata kidogo. Mfanyakazi aliyepunguzwa kazini, mjane asiyepata usingizi, kijana anayeogopa kuoa kwa sababu ya aliyoyaona kwao, wote hawa wana haki ya kumwona mshauri peke yao, bila kuwa na mume wala mke wa kugombana naye.

Mshauri aliyefunzwa hafanyi kazi kama shangazi. Shangazi hutoa hukumu, mshauri huuliza. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, aliandika mwaka 1957 kwamba mtu hubadilika akikutana na msikilizaji mwenye sifa tatu kubwa: awe mkweli asiyejifanya, amheshimu anayesema bila kumwekea masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kama yule anayaona. Wataalamu wengine wameongeza mengi na kubishana naye, lakini sifa hizo tatu hata mtu asiyesoma saikolojia aweza kuzitambua akikaa na mshauri kwa nusu saa. Na akizikosa, aondoke.

Wapatikana wapi? Mahali pa kwanza ni ofisi ya ustawi wa jamii katika halmashauri ya wilaya, manispaa au jiji. Maafisa hawa ni watu waliosomea kazi, wengi wao katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na ugomvi wa nyumbani ni sehemu ya kazi yao ya kila siku. Mama yetu wa Temeke aanzie hapo. Mahali pa pili ni hospitali kubwa zenye idara ya afya ya akili, kama Muhimbili. Na zahanati ya karibu yaweza kumwandikia mtu barua ya kwenda huko. Mapadri, wachungaji na masheikh wengi nao ni washauri wazuri, hasa waliopata mafunzo juu ya wito wao. Hatimaye wako washauri binafsi wanaotoza ada kwa kila kikao. Hawa ni wa kuulizwa bei kabla ya kuketi, maana aibu ya kuuliza bei imewaponza wengi.

Bei siyo swali pekee. Muulize mshauri amesomea wapi, na amewahi kushughulika na wanandoa au na mtu mmoja mmoja tu, kwa sababu kuwaongoza wawili wenye hasira ni ufundi wa peke yake. Muulize siri yako itakaa wapi. Mshauri mwema atakwambia waziwazi kuwa siri ina mpaka: akisikia kwamba mtoto anaumizwa au kwamba mtu anataka kujiua, hatanyamaza. Anayeapa kutunza kila kitu hadi kaburini hajaifikiri kazi yake. Jihadhari pia na anayekuahidi kumrudisha mume kwa siku saba, na anayeshika upande tangu kikao cha kwanza, hata kama upande huo ni wako. Utafurahi siku hiyo, lakini mwenzio hatarudi tena. Na mshauri anayeanza kukutaka kimapenzi, au kukuomba mkopo, huyo si mshauri. Kumwacha mmoja na kumtafuta mwingine si utovu wa adabu. Viatu vinavyobana hatuvivai kwa sababu tu tumekwisha vilipia.

Kuna jambo moja ambalo hatutaki lipitwe upesi. Ikiwa nyumbani kuna kipigo, msiende kuketi wawili mbele ya mshauri. Mke atasema nini juu ya ngumi hali mwenye ngumi yuko kando yake, na jioni watarudi pamoja? Sheria ile ile ya 1971, katika kifungu cha 66, yatamka kuwa hakuna mtu ye yote mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila zasema vingine. Anayepigwa aende hospitali, na aende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ushauri kwake uwe wa peke yake, na uanze na usalama: atalala wapi, watoto watalala wapi, nani ana ufunguo. Jamaa watakaomwambia kwamba ndoa ni kuvumilia, na waje walale naye nyumba hiyo kwa juma moja.

Palipo na ugomvi bila kipigo, kikwazo kikubwa ni mwenzi anayekataa. Wanaume wengi husema, “Mimi nikaanikwe mbele ya mtu baki?” Jibu la hasira halifai hapo, wala kumpelekea ujumbe kupitia mama yake. Mwambie siku ya mapumziko, akiwa ameshiba, kwamba hushitaki. Wataka msaada wa kuzungumza. Mwachie achague mshauri, mwanamume au mwanamke, wa dini au wa serikali. Akikataa bado, nenda peke yako. Mmoja akibadili namna ya kujibu, ugomvi wenyewe hubadilika sura, na wako waume waliofuata baadaye kwa udadisi tu wa kutaka kujua wanasemwaje huko.

Wafanyakazi wa zamu wamwambie mshauri saa zao tangu mwanzo. Kikao huchukua kiasi cha saa moja, aghalabu mara moja kwa juma, na kikao kimoja hakitoshi. Wengine hukubali Jumamosi. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, iwekwe kando siku ya mshahara pamoja na kodi ya nyumba.