Rosa Mistika: Mwalimu Anamwogopea Nani?

Mwalimu wa Kiswahili wa Njombe, akitajiwa Rosa Mistika, aghalabu hukunja uso kwanza, kisha hukiri kwamba alikisoma bila kukiweka chini. Anakipenda kitabu, na anakiogopa. Huo si unafiki. Lakini yafaa aulizwe, kwa heshima yote inayoistahili kazi yake: anamwogopea nani?

Riwaya hiyo ya marehemu Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, kisha baadaye ikaruhusiwa. Wanaoikataa hudai kwamba wasichana watajifunza uhuni. Hoja hii ni dhaifu mno. Rosa hakuharibiwa na kitabu. Alilelewa kwa fimbo na Zakaria, baba mlevi aliyempiga kwa ajili ya barua ya mvulana na asimweleze lolote juu ya wanaume. Alipofika shule ya bweni, mbali na jicho la baba, hakuwa na ngao yoyote. Na huko Morogoro, katika chuo cha ualimu, aliyepaswa kumlinda, mkuu wa chuo mwenyewe, ndiye anayemfanya hawara.

Hapo ndipo penye kidonda. Kurasa hizo haziwaumbui wasichana, zinawaumbua walimu. Kinacholindwa kwa kufuli la kabati, basi, ni heshima ya ofisi ya walimu.

Mwalimu huyo na ashuke hadi Makambako jioni moja. Pale barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya, malori hulala, na nyumba za wageni hazikosi taa. Mwanafunzi aliyepanga chumba mtaani kwa sababu kwao ni mbali hupita hapo na madaftari yake kila siku. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kuwa watu wazima asilimia 12.7 mkoani Njombe wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango kinachoizidi mikoa yote. Kwa taifa zima ni asilimia 4.4. Msichana huyo ndiye wa kufichwa kitabu ati asije akayajua mambo?

Serikali yenyewe haikuona haya kuyataja. Mwaka 2016 sheria iliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na Novemba 2021 walioacha masomo kwa ujauzito wakaruhusiwa kurudi.

Hata hivyo mwalimu ana hoja moja nzito, ambayo watetezi wa riwaya huikwepa. Rosa anajiua. Charles, aliyetaka bikira, anakwenda zake. Msichana aliyekwisha kujikwaa, akiusoma mwisho ule peke yake, aweza kudhani kwamba hukumu yake nayo imekwisha kuandikwa. Lakini atausoma peke yake hasa pale mwalimu atakapokataa kuusoma naye. Nakala iliyochakaa itapita bwenini kutoka kitanda hadi kitanda, na hatakuwapo mtu mzima wa kumwambia kwamba tangu mwaka 2021 anaweza kurudi darasani.