Kipanya Kisichotii: Kimeharibika, au Hatujakifahamu?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Hapa mkoani Mara siku hiyo ilipita kimya, lakini uzito wake umetufikia. Kompyuta kuukuu hazina sifa zinazodaiwa na Windows 11, hususan prosesa ya miaka ya karibuni na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mwenye kompyuta ya aina hiyo hubakiwa na njia tatu: kununua mpya, kuendelea na mfumo ambao ulinzi wake unafifia, au kuhamia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ambao hutolewa bure na ambao msimbo wake u wazi kwa kila atakaye kuusoma.

Mimi, mwalimu wa sekondari hapa Bunda, nilichagua njia ya tatu. Nilikuwa na kipanya chenye vitufe saba nilichokinunua Musoma mjini. Baada ya kuhamia Linux, mshale ulisogea vizuri, vitufe viwili vikuu vilitii na gurudumu lilizunguka. Lakini vitufe vya pembeni, ambavyo nilikuwa nimevizoeza kunakili na kubandika maandishi, vilikuwa bubu. Mwenzangu alinitazama akasema, "Mwalimu, si nilikuambia? Rudi kwenye Windows." Nusura nirudi.

Maoni yangu ni kwamba kurudi nyuma kwa sababu ya kipanya ni kosa la kisayansi kabla ya kuwa kosa la kiuchumi, kwa maana ni kutoa hukumu kabla ya uchunguzi. Ili tuchunguze, hapana budi kwanza tufahamu chombo chenyewe.

Kipanya cha kwanza kilibuniwa Marekani na Douglas Engelbart na wenzake katika miaka ya 1960, nacho kilionyeshwa hadharani mwaka 1968. Kilikuwa kisanduku cha mti chenye magurudumu mawili. Kipanya cha leo hakina magurudumu hayo. Taa ndogo humulika meza, na kihisio hupiga picha za uso wa meza mara nyingi sana katika sekunde moja, kisha hulinganisha picha na picha ili kujua umesogea kiasi gani na upande gani. Ndiyo sababu kipanya kizima huweza kupotea njia juu ya kioo kitupu, mahali ambapo kihisio hakioni alama ya kulinganisha.

Taarifa hizo hupelekwa kwenye kompyuta kwa lugha maalumu. Tufikirie soko la Musoma. Mjita, Mzanaki, Mkurya na Mjaluo huuziana samaki na mihogo bila shida, kwa kuwa wote wanajua Kiswahili. Vipanya navyo vina Kiswahili chao: kanuni za USB, ambazo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996, zina mapatano kuhusu namna kipanya kinavyotangaza mwendo, vitufe na gurudumu. Linux na Windows zote huyafahamu mapatano hayo. Kwa hiyo kipanya cha kawaida hufanya kazi mara tu kinapochomekwa.

Shida huanza pale mtengenezaji anapoongeza mambo yake: vitufe vya ziada, taa za rangi, ngazi za wepesi wa mshale. Mambo hayo huweza kuzungumzwa kwa lugha ya nyumbani kwake, naye akamtoa mkalimani, yaani programu yake maalumu, kwa ajili ya Windows tu. Ukihama, mkalimani hakufuati. Kipanya hakikuharibika, kimekosa wa kukifasiria.

Uchunguzi wenyewe ni somo zuri la darasani, nao una kanuni moja: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kwanza, badilisha tundu la USB. Kisha badilisha betri, kama kipo cha betri. Kisha weka karatasi nyeupe chini yake. Kisha kijaribu katika kompyuta nyingine. Pili, fungua dirisha la amri uandike lsusb. Kipanya kikionekana katika orodha, pamoja na namba yake ya utambulisho yenye tarakimu nne, nukta pacha, na tarakimu nne nyingine, basi kompyuta imekitambua. Kisipoonekana, shaka iende kwenye waya, tundu au kipanya chenyewe. Tatu, tumia programu iitwayo evtest, ubonyeze kitufe kimoja kimoja. Kitufe kikitoa alama kwenye skrini, kinasema. Kilichobaki ni kukipangia kazi.

Hivyo ndivyo nilivyogundua kwamba vitufe vyangu viwili vya pembeni havikuwa bubu hata kidogo. Programu ya Piper, iliyotengenezwa kwa ajili ya vipanya vya aina hii, haikukijua kipanya changu. Lakini kwa programu nyingine, input-remapper, nilivipa vitufe hivyo kazi yake ya zamani. Kitufe kimoja kimebaki kimya hadi leo, nami nimezoea kuishi bila hicho. Yafaa pia kujua kwamba vipanya vingine huhifadhi mipangilio katika kumbukumbu yao wenyewe. Hivyo huweza kupangwa katika kompyuta ya jirani yenye Windows, kisha vikarudi nyumbani na mipangilio yake.

Wapo watakaosema kwamba maofisini hutumika Windows, na kwamba mwalimu hana muda wa kubembeleza vipanya. Hoja ya kwanza ina ukweli, na shule yenye programu isiyokubali Linux yafaa ibakize kompyuta moja kwa kazi hiyo. Lakini mwanafunzi aliyejifunza kanuni atafanya kazi katika mfumo wowote. Aliyekariri mahali pa kubonyeza atapotea kila toleo linapobadilika. Kuhusu muda, uchunguzi wangu ulichukua jioni moja.

Historia yetu nayo inatuonya. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kufikia mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Taifa lilikuwa limepokea mashine kabla ya kupata watu wa kutosha wa kuzielewa. Kwa upande mwingine, mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyosema Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, shule isihamie Linux kabla ya kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, kila kipanya na kila printa vikijaribiwa. Na inaponunua kipanya kipya, ichague cha kawaida kisichohitaji programu ya pekee. Pili, shule za Musoma, Bunda na Butiama zianzishe daftari la pamoja: jina la chombo, namba yake ya utambulisho, kilichofanya kazi na kilichokataa. Wanafunzi wenyewe walijaze. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kipo Butiama, nacho kingefaa kulitunza.

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zikuze akili ya kuuliza. Kipanya kilichokataa kutii ni swali ambalo tayari lipo mezani. Tusilitupe jalalani.