Ndege za Kivita Katika Simu za Vijana

Wazazi wametuuliza kuhusu SimplePlanes, mchezo ambamo vijana hujiundia ndege za kivita za kisasa. Tumeutazama. Kijana akiziweka mbawa mbele mno, nguvu inayoinua hutangulia uzito, pua ikabinuka, ndege ikaanguka. Naye hurudi kuupima mkia upya. Mkia huo huo, wasimulizi husema, ndio alioukosa Abbas ibn Firnas wa Cordoba, katika karne ya 9: aliruka, akaumia alipotua. Ndege zenyewe, kwa kweli, hatuzipendi. Watoto wa Gaza huzijua kwa mngurumo wake. Hata hivyo, kabla ya kumnyang'anya kijana simu, mwulizeni kwa nini ndege yake imeanguka. Akijibu kwa hoja, mwacheni mpaka adhana ya alasiri.