Nani Aone Nini?

Mwezi huu nimetoka Sumbawanga, na jamani, baridi ya Ufipa si mchezo! Nilifikia kwa shosti wangu na mumewe. Wananunua mahindi na maharage Laela na Matai, wanaweka ghalani mjini wakisubiri bei ipande. Miaka yote biashara ilikaa kwenye daftari moja, na daftari hilo ndilo lililokuwa likiwanunisha. Magunia yakipungua, kila mmoja anamtazama mwenzake.

Wakampa kijana mmoja kazi ya kuwatengenezea programu ya simu. Siku hizi si lazima uandike kila kitu kuanzia sifuri. Kuna Power Apps ya Microsoft, kuna AppSheet ambayo Google waliinunua mwaka 2020. Unapanga vipande vilivyo tayari, unaunganisha na majedwali yako, basi. Tatizo, kijana alifungua kila kitu kwa akaunti yake mwenyewe. Alipopata ajira Mbeya akaacha kulipia, na hesabu za msimu mzima zikaondoka naye. Simu hapokei.

Safari hii wakatafuta mzoefu. Nilimwambia shosti aombe kuona kazi ya mtu huyo ambayo bado inatumika mwaka wa pili, maana picha nzuri kila mtu anazo. Akaonyeshwa.

Siku ya mazungumzo nilikuwepo sebuleni. Mtaalamu akataka akaunti iwe kwa jina la biashara na ada ya kila mwezi walipe wenyewe. Akauliza karani wa Matai ataandika wapi mtandao ukikatika, kwani AppSheet inaweza kutunza kumbukumbu na kuzituma baadaye, ila sharti ipangwe hivyo mapema. Akagusia pia namba za simu za wakulima. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Halafu akauliza, "Nani aone nini?"

Kimya. Shemeji akasema ukurasa wa mikopo auone yeye peke yake.

"Kwa nini, baba?"

Hapo ndipo ilipotoka kwamba magunia kadhaa yalikuwa yakienda kwa kaka zake kila msimu. Daftari lilimsitiri.

Mtaalamu akafunga kompyuta yake taratibu. "Hilo siwezi kuwapangia mimi. Mkikubaliana, mniite."

Juzi shosti kanitumia ujumbe: wamemwita. Wote wawili wataona kila ukurasa, na mashemeji wamepewa safu yao.