Walimu wa Lugha Ng'ambo na Deni la Masomo

Wazee wetu walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Msemo huu ulikuwepo kabla ya kuwepo bodi ya mikopo wala chuo kikuu katika Visiwa hivi, lakini leo hapana watu unaowahusu zaidi kuliko vijana wetu waliomaliza elimu ya juu. Siku jina la kijana linapotoka katika orodha ya waliopewa mkopo, nyumba nzima hufurahi na majirani huja kutoa pongezi. Siku barua ya madai inapofika, kijana huyo huisoma peke yake.

Hatulisemi hili kwa kuwalaumu vijana, wala kwa kuzilaumu bodi. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mkopo wa masomo si sadaka. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Bara ilianza kazi mwaka 2005, na Zanzibar ikaunda bodi yake kwa sheria ya mwaka 2011. Bodi zote mbili zinategemea fedha zinazorejeshwa na waliotangulia ili ziongezee zile za Serikali katika kuwakopesha wanaofuata. Kwa hiyo kila shilingi isiyorudi ni nafasi iliyofungwa mbele ya mtoto wa Micheweni au wa Makunduchi ambaye mwakani atashika cheti chake mkononi akitafuta ada.

Mwenye ajira rasmi hana pa kukimbilia. Kwa utaratibu wa Bara, mwajiri hulazimika kukata asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa na kuipeleka Bodi. Lakini kuna wawili ambao mkono wa makato hauwafikii: yule aliyekaa barazani na shahada yake bila ya kazi, na yule aliyevuka bahari kutafuta maisha. Wa kwanza hana cha kulipa. Wa pili huenda anacho, ila malipo yake yanategemea dhamiri yake. Tahariri yetu ya leo inawahusu hawa wawili, kwa sababu tunaamini kwamba kwa baadhi yao tatizo la mmoja na la mwenzake yana dawa moja.

Si sisi peke yetu tuliobebeshwa mzigo huu. Nchini Marekani deni la masomo limepita dola trilioni 1.6, na wenye kudaiwa ni zaidi ya watu milioni 40. Miongoni mwao wamekuwepo, kwa miaka mingi sasa, vijana waliochagua njia moja ya kulipunguza: kwenda Asia ya Mashariki kufundisha Kiingereza. Japani ilianzisha mpango wake wa kuwaalika vijana wa nje, ujulikanao kwa jina la JET, mwaka 1987. Korea Kusini ilifuata mwaka 1995 kwa mpango wa EPIK, unaowaweka walimu wa kigeni katika skuli za Serikali.

Wengi hudhani kwamba vijana hao huweka akiba kwa sababu wanalipwa mishahara mikubwa. Sivyo. Mwalimu anayeanza katika skuli za Serikali za Korea hupata takriban won milioni 2 na kidogo kwa mwezi, mshahara ambao huko kwao usingemshangaza mtu. Siri haimo katika mshahara, imo katika mkataba. Mwajiri humpa mwalimu nyumba ya kukaa au posho ya nyumba. Humsaidia nauli ya kwenda, na ya kurudi akitimiza muda wake. Kwa kila mwaka aliomaliza humpa kiinua mgongo cha mshahara wa takriban mwezi mmoja. Mwajiri na mwajiriwa huchangia pensheni nusu kwa nusu, ambapo hadi mwisho wa mwaka 2025 kila upande ulitoa asilimia 4.5, na Mmarekani au Mkanada anapoondoka nchini hurudishiwa michango yote, ya kwake na ya mwajiri. Zaidi ya hayo, mkataba wa kodi baina ya Korea na Marekani umeweka msamaha wa kodi ya mapato ya huko kwa mwalimu wa Kimarekani katika miaka yake 2 ya mwanzo.

Tupige hesabu ya mfano. Mwalimu analipwa won milioni 2.2 kwa mwezi na halipi kodi ya nyumba. Akijizuia akaweka won 800,000 kila mwezi, kwa mwaka atakuwa na won milioni 9.6. Akiondoka, ataongeza kiinua mgongo cha won milioni 2.2, na marejesho ya pensheni ya asilimia 9 ya mishahara ya mwaka, ambayo ni karibu won milioni 2.4. Jumla inapita won milioni 14, yaani kama dola 10,000 ikiwa dola moja ni won 1,400. Angalieni kwamba takriban theluthi moja ya fedha hizo hakuiweka yeye kwa kubana matumizi; mkataba ndio uliomwekea.

Na katika jambo hili kuna somo ambalo tunawaomba waheshimiwa viongozi walitazame kwa makini. Marejesho ya pensheni hapewi kila mgeni. Mwingereza anayefundisha skuli ile ile, katika chumba cha pili, harudishiwi. Tofauti yao haikutokana na bidii wala elimu. Imetokana na maafikiano ambayo Serikali ya mmoja iliyapata na ya mwenzake haikuyapata. Mwananchi anapofanya kazi katika nchi ya watu, mfuko wake hujaa au hupungua kwa kalamu iliyowekwa mezani na maofisa ambao pengine hatawaona maisha yake yote.

Wala tusiwadanganye vijana kwamba huko ng'ambo ni asali tupu. Wapo waliofanya kazi miaka mitatu na wakarudi na picha tu, kwa kuwa kila walichopata kilikwisha katika starehe. Wapo pia walioangukia mikononi mwa waajiri binafsi wasio na nguvu. Mwezi wa Oktoba 2007 kampuni ya Nova, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara ya skuli za lugha nchini Japani, iliporomoka kwa kufilisika. Maelfu ya walimu wa kigeni walibaki bila ya mishahara, na wengine walijikuta hawana hata nyumba, kwa sababu nyumba zilipangwa kupitia kwa mwajiri huyo huyo. Aliyekuwa na mkataba wa Serikali alilala usingizi wake usiku ule.

Sasa tujiulize: je, kijana wa Unguja au Pemba mwenye Kiingereza safi anaweza kuifuata njia hiyo? Kwa Korea Kusini, jibu ni hapana. Kibali cha kufundisha Kiingereza huko hutolewa, kwa kawaida, kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Hatuna haja ya kununa. Wakorea wameamua kununua lugha kwa wale wanaowahesabu kuwa wenye lugha. Nasi tuna lugha ambayo sisi ndio wenyewe, ambayo watu hupanda ndege kuja kujifunza hapa hapa Mjini. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliyoanzishwa mwaka 1979 na ambayo leo imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imewapokea wanafunzi kutoka mabara mengi.

Na mlango wa kwenda nje umeshafunguliwa na wenzetu. Profesa Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alifundisha Osaka nchini Japani, kisha Bayreuth nchini Ujerumani. Profesa Farouk Topan, mzaliwa wa Zanzibar, alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha London. Katika miaka ya karibuni milango imeongezeka. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilitangaza kukiingiza Kiswahili katika lugha za hiari za skuli zake. Mwaka 2019 nchi za Kusini mwa Afrika, katika jumuiya ya SADC, zilikifanya lugha yao rasmi ya nne. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi.

Hatusemi kwamba soko la Kiswahili ni sawa na la Kiingereza. Nafasi ni chache, na nyingine ni za muda mfupi. Lakini hata hizo chache, wengi wa vijana wetu huzipata kwa bahati: kwa barua ya rafiki, kwa tangazo aliloliona mtu mmoja, au kwa mgeni aliyewahi kusoma hapa akamkumbuka mwalimu wake. Lugha iliyopewa heshima na mikutano mikubwa namna hii haifai kuachwa isafiri kwa bahati nasibu.

Kwa hiyo tunatoa ushauri ufuatao kwa Serikali zetu na vyombo vyake.

Kwanza, kila mazungumzo ya kupeleka walimu wa Kiswahili nchi za nje yaishie kwenye mkataba wa kazi wenye vifungu vinavyotajwa kimoja kimoja: nyumba, nauli ya kwenda na kurudi, matibabu, kiinua mgongo, na hatima ya michango ya pensheni mwalimu akirejea. Tamko la ushirikiano bila ya vifungu hivyo ni ngoma isiyo na ngozi.

Pili, Bodi za Mikopo zikutane na kijana kabla hajapanda ndege, si baada ya miaka mitano ya kumtafuta. Pawe na makubaliano ya maandishi ya kiasi atakacholipa kila mwezi, kinacholingana na mapato yake ya huko, na pawe na njia nyepesi ya kulipa kutoka popote alipo. Mdaiwa anayetaka kulipa akishindwa kwa ugumu wa njia, kosa si lake peke yake.

Tatu, walimu waandaliwe. Kuzaliwa na lugha si kujua kuifundisha. Hata Mmarekani anayekwenda Korea hutakiwa awe na shahada, na asiyesomea ualimu huombwa cheti cha mafunzo ya kufundisha lugha. Mabaraza yetu ya Kiswahili, BAKIZA na BAKITA, pamoja na vyuo vyetu, yana wataalamu wa kutosha kuifanya kazi hiyo ikiwa yatapewa nyenzo.

Tunajua wapo watakaouliza: je, tukiwapeleka walimu nje, nani atawafundisha watoto wetu? Swali hilo ni la haki. Skuli zetu, hasa za mashamba na za visiwa vidogo, bado zinahitaji walimu. Lakini tunaowazungumzia hapa kwanza ni wale wasio na kazi, na hakuna skuli inayonufaika na mwalimu aliyekaa barazani. Tena safari iwe na mpaka. Mpango wa Japani hufunga mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na hapana anayeruhusiwa kuzidi miaka 5. Nasi tuweke muda, ili anayekwenda arudi na uzoefu wake, na mwenzake apate zamu.

Neno letu la mwisho ni kwa vijana wenyewe na kwa wazee wao. Kijana anapopata kazi ng'ambo, huku nyumbani orodha huanza kuandikwa: bati za nyumba, harusi ya dada, mtaji wa kaka. Kuwasaidia wazazi ni wajibu, na hatumfundishi mtu kuwasahau waliomlea. Lakini deni nalo ni haki ya watu, na haki ya mtu haingojei mpaka matakwa ya jamaa yote yaishe, kwa kuwa hayaishi. Tunawasihi wazazi wamwachie kijana sehemu ya kulipa kwanza, kisha waombe katika iliyobaki. Na kijana naye aitenge sehemu hiyo siku ile ile anapopokea mshahara, kabla haijaguswa na kitu chochote. Haba na haba hujaza kibaba, lakini si kibaba kilichotoboka.

Dawa ya deni ni kulipa. Hilo halina mjadala, na hatutamtetea anayeweza kulipa akajificha nyuma ya bahari. Lakini Serikali inayotaka kulipwa nayo ina wajibu wa kumtengenezea mdaiwa njia ya kupata. Kijana alipe, na Serikali isaini mikataba. Mmoja akingoja mwenzake aanze, atakayebaki mlangoni ni yule mtoto wa Micheweni.