Aliyefungua Barua Hakumjua Aliyekamatwa

Na Rehema Mgonja

Tukizungumzia polisi wa siri, mazungumzo huishia haraka kwenye mateso: chumba kisicho na dirisha, kipigo, mtu aliyechukuliwa usiku asirudi. Hayo yapo, na waliotendewa wanastahili kusikilizwa hadi mwisho. Lakini kadiri ninavyosoma habari za tawala za kiimla, ndivyo ninavyozidi kuogopa kitu kingine ambacho hakitoi sauti: mpangilio wa ofisi. Nani anakaa meza ipi, karatasi inatoka wapi na kwenda wapi, na ni nani pekee anayeruhusiwa kuisoma yote. Wizara ya Usalama wa Dola ya Ujerumani Mashariki, ambayo dunia iliizoea kwa jina la Stasi, inalionyesha hilo waziwazi kuliko mfano mwingine wowote ninaoufahamu.

Iliundwa Februari 1950. Kuanzia 1957 hadi mwishoni mwa 1989 mkuu wake alikuwa mtu mmoja tu, Erich Mielke. Mwaka huo wa mwisho ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na watoa habari wa siri zaidi ya 170,000, katika nchi ya watu milioni 16. Makao makuu yalikuwa Lichtenberg, Berlin. Chini yake palikuwa na ofisi 15 za mikoa, na chini ya mikoa ofisi zaidi ya 200 za wilaya. Sehemu zilizohesabiwa kuwa nyeti mno, kama kituo cha umeme wa nyuklia karibu na Greifswald na chuo kikuu cha ufundi cha Dresden, zilikuwa na ofisi zao hapohapo.

Tazama sasa kazi ilivyokatwa vipande. Idara M ilifungua barua kwa mvuke, ikazipiga picha, ikazifunga tena. Idara ya 26 ilisikiliza simu. Idara Kuu ya VIII ilifuatilia watu mitaani na kuwakamata. Idara Kuu ya XX iliyaangalia makanisa, waandishi na wasanii. Idara Kuu ya IX ilihoji, na Idara ya XIV ikatunza mahabusu. Aliyeshika bahasha juu ya mvuke hakuwa na haja ya kujua mwandishi wake angeishia wapi. Jioni alirudi nyumbani akiwa amefanya kazi ya posta, kwa jinsi alivyoiona mwenyewe.

Masijala ndiyo iliyonifumbua macho zaidi. Kulikuwa na kadi zilizoitwa F16, zenye jina halisi la mtu, tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya usajili. Kulikuwa na kadi nyingine, F22, zenye namba hiyohiyo na jina la bandia la mtoa habari au la jalada, bila jina halisi. Ukitaka kumjua mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia, ulihitaji kadi zote mbili. Karani mwenye kadi moja mkononi hakuwa ameshika siri yoyote, na kwa hiyo hakuwa na chochote cha kumkosesha usingizi. Waliobuni utaratibu huo walitaka kuzilinda siri zisivuje. Pamoja na siri, walilinda pia dhamiri za maelfu ya watumishi.

Watoa habari nao walikuwa na utaratibu wao. Kwa kawaida mtu aliandika ahadi kwa mkono wake, akajichagulia jina la bandia, kisha akakutana na ofisa aliyemsimamia katika nyumba ya mtu mwingine aliyekubali kuazimisha chumba. Wapo waliolazimishwa, lakini wengi walikubali bila kutishwa: wengine kwa imani ya siasa, wengine kwa kutaka safari au cheo, wengine kwa sababu ofisa yule aliwasikiliza kwa utulivu ambao hawakuupata kwingine. Vera Wollenberger alikuwa mpinzani wa serikali, akafungwa mwaka 1988, na baadaye akawa mbunge. Majalada yalipofunguliwa ndipo alipothibitisha kwamba aliyekuwa akimripoti kwa jina la Donald ni mumewe, baba wa baadhi ya watoto wake.

Kufikia miaka ya 1970 Ujerumani Mashariki ilitaka kuheshimiwa na mataifa mengine, na wafungwa wengi wa kisiasa waliichafulia jina. Ndipo Januari 1976 ukatolewa mwongozo namba 1/76. Ulielekeza jinsi ya kumbomoa mtu bila kumfunga: kuchanganya habari za kweli na za uongo zinazoaminika ili jina lake liharibike, kupanga ashindwe kazini hadi ajitilie shaka, kutuma barua zisizo na jina, kupandikiza kutoaminiana katika kikundi chake. Aliyetendewa hivyo hakuwa na jeraha la kuonyesha. Akilalamika, hata marafiki walidhani akili yake imeanza kuyumba. Mimi nauhesabu huu kuwa ukatili kamili, na nasikitika kwamba vitabu vingi vinauweka chini ya mateso ya mwili kana kwamba ni dhambi ndogo.

Kwa hayo yote, Stasi iliwajibika kwa nani? Kwa chama tawala tu. Stasi yenyewe ilijiita ngao na upanga wa chama. Bunge halikuihoji, na hapakuwa na jaji huru ambaye raia angemwendea. Novemba 13, 1989, siku chache baada ya Ukuta wa Berlin kufunguliwa, Mielke alisimama bungeni akasema kwamba anawapenda watu wote. Wabunge, waliokuwa wamenyamaza miaka yote hiyo, wakacheka.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya Wazungu peke yao. Baada ya Mapinduzi ya 1964, maofisa wa usalama wa Ujerumani Mashariki walikwenda Zanzibar kusaidia kujenga idara ya usalama ya huko, na Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wao wa nje, alifika mwenyewe. Mpangilio wa aina hii husafiri kwa urahisi. Ndiyo maana nchi yoyote, iwe na chama kimoja au ishirini, raia wake wana haki ya kuuliza idara ya usalama inajibu mbele ya nani, na nani nje yake anaweza kuyasoma majalada yake. Swali la kama maofisa wake ni watu wema halinitoshi. Lichtenberg walikuwapo wengi waliokuwa baba wazuri na majirani wapole.

Huko Ujerumani Mashariki swali la majalada lilijibiwa na raia wenyewe. Desemba 4, 1989 wananchi wa Erfurt waliingia katika ofisi ya Stasi ya mji wao ili kuzuia nyaraka zisiharibiwe. Januari 15, 1990 ikawa zamu ya makao makuu ya Berlin. Zilizookolewa zina urefu wa kilomita 111 zikipangwa kwenye rafu, mbali na magunia yapatayo 16,000 ya karatasi zilizochanwa. Wanasiasa kadhaa, wa Magharibi wakiwemo, walitaka zifungiwe kwa kuhofia visasi. Septemba 1990 wanaharakati walirudi kulikalia jengo lilelile, wakagoma kula wakidai majalada yafunguliwe. Sheria ya kuyafungua ikaanza kutumika Desemba 1991, na Januari 1992 wasomaji wa kwanza wakaketi mbele ya majalada yao. Wimbi la mauaji lililotabiriwa halikutokea. Kwa sheria hiyo, aliyeripotiwa anaweza kusoma yaliyoandikwa juu yake na kuomba jina halisi la aliyemripoti. Majina ya watu wengine wasiohusika hufutwa kwanza, na la mtoa habari halifichwi.